Mwendo wa Misukosuko ya Uchumi Baina ya Miji: Mhadhara juu ya Kazi ya Hisabati



Baada ya kutangazwa matokeo ya uchaguzi wa Kenya tarehe 30 Desemba 2007, na kuzuka kwa ghasia zilizoua zaidi ya watu elfu moja na kuwatoa laki kadhaa katika makazi yao, barabara kuu itokayo Mombasa, ikapita Nairobi, ikakatiza Bonde la Ufa hadi Nakuru na Eldoret, kisha ikavuka mpaka Malaba kuelekea Kampala, ilizibwa kwa mawe na magogo mahali pengi, na reli iendayo upande huo huo iling'olewa katika mtaa wa Kibera. Na haukupita muda mrefu, watu wa Kampala, ambao hawakupiga kura katika uchaguzi ule wala hawakuwa na neno katika magomvi yake, walikuwa wamejipanga mbele ya vituo vya mafuta, wakidaiwa kwa lita moja bei ambayo siku chache nyuma wasingeisadiki. Na nyuma yao Kigali, na nyuma ya Kigali Bujumbura, na upande wa magharibi Goma, miji iliyo mbali na ghasia zile kwa mamia ya kilomita, ikaanza kuhesabu matone.

Arusha haifiki nusu ya umbali wa Kampala kwa mtu atokaye Nairobi kwa barabara, walakini vituo vyake havikuwa na sababu ya kukauka kwa ajili ya magogo ya Nakuru, kwa kuwa mafuta yake hupandishwa kutoka bandari ya Tanzania. Hapo ndipo lilipo jambo nililokuja kulisema mbele yenu: kwamba msukosuko wa uchumi haufuati maili zilizochorwa juu ya ramani, bali hufuata utegemezi, yaani nani hupokea nini kutoka kwa nani, na baada ya siku ngapi, na kwamba utegemezi huo, ingawa hauonekani kwa jicho la msafiri, waweza kupimwa, kuandikwa kwa tarakimu na kufanyiwa hesabu, hata mtu akajua kabla ya dhiki kufika mahali gani itafika, kwa nguvu gani, na lini itatulia.

Wataalamu hawakuanza na utegemezi. Walianza na maili, na tusiwalaumu, maana maili ndizo zilizokuwa zimekwisha kupimwa. Isaac Newton alikuwa ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1687 kwamba miili miwili huvutana kwa kadiri ya zao la uzito wake na kwa kinyume cha mraba wa umbali ulio baina yake. Na mwaka 1931 Mmarekani William Reilly, akitaka kujua mnunuzi akaaye kati ya miji miwili ataelekeza wapi miguu yake, aliitwaa kanuni ile ya falaki akaiteremsha sokoni, akaweka idadi ya watu mahali pa uzito. Tuseme mji mmoja una watu laki nane na mwingine una watu laki mbili, na baina yake zipo kilomita 90. Mji mkubwa ni mara nne ya mdogo, na mzizi wa mraba wa nne ni mbili, basi mpaka wa mivuto yao utakuwa mahali ambapo umbali wa kufika mji mkubwa ni mara mbili ya umbali wa kufika mji mdogo, yaani kilomita 60 kutoka ule mkubwa na kilomita 30 kutoka ule mdogo. Na anayekaa kilomita 40 kutoka mji mdogo, ingawa mji huo u karibu naye zaidi, atakwenda kununua kule kukubwa. Baada ya Reilly, mwanafalaki John Stewart wa Princeton alitumia fikra hiyo kwa mivuto ya watu wa Marekani nzima, na Mholanzi Jan Tinbergen, ambaye naye alisomea fizikia kabla ya uchumi, aliitumia mwaka 1962 kwa biashara baina ya mataifa, na hadi leo hakuna kanuni ya uchumi inayotoa makadirio ya karibu na kweli kwa kazi ndogo namna hii.

Naistahi kanuni hiyo, lakini sikubali iitwe jawabu la suala letu, na sababu zangu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba haina mwelekeo: huipa Nairobi nguvu juu ya Kampala sawasawa na ile inayoipa Kampala juu ya Nairobi, ilhali kila dereva wa lori ajua kwamba Nairobi yaweza kuishi mwezi mzima bila Kampala, na Kampala haiwezi kuishi mwezi mmoja kwa starehe endapo njia ya Nairobi imefungwa. Ya pili ni kwamba haina saa wala kalenda. Hutuambia kiasi gani, haituambii lini. Tena kuna amri za binadamu ambazo kanuni ya mvuto haiwezi kuzisikia: mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, na usifunguliwe hata mwaka 1983, idadi ya watu wa Arusha na Nairobi haikupungua wala umbali haukuongezeka, na kwa Newton mivuto ilikuwa vile vile, ila biashara ya halali baina ya miji ile miwili ilikuwa imekatwa kwa sahihi ya kalamu.

Aliyeileta kalenda alikuwa Torsten Hägerstrand wa chuo cha Lund katika Uswidi, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1953 alifuatilia namna wakulima na wenyeji wa nchi yake walivyopokea mambo mapya mmoja baada ya mwingine, akaona ya kuwa jirani humfuata jirani, na kwamba nafasi ya mtu kuambiwa habari hupungua kadiri mwenye habari anavyokaa mbali naye. Kisha akafanya jambo la ujasiri kwa zama zile, akaiacha bahati ichague kwa namba za nasibu nani amwambie nani, akarudia mchezo huo hatua kwa hatua, akalinganisha ramani ya bahati na ramani ya kweli. Waliomfuata waliona pia kwamba jambo jipya aghalabu huruka kwanza kutoka mji mkubwa hadi mji mkubwa mwingine, likiviacha nyuma vijiji vya njiani, ndipo baadaye likashuka kujaza nafasi zilizobaki. Haya ni maarifa makubwa. Lakini tabia njema na mbegu mpya hupokewa kwa hiari, na bei ya mafuta haimwombi mtu idhini, kwa hiyo twahitaji chombo kingine.

Chombo hicho ni jedwali la namba, na asili yake si ngeni kwa wanauchumi, kwani Wassily Leontief alikuwa tangu miaka ya 1930 akiandika katika mistari na safu ni kiasi gani kila kazi ya viwanda hununua kutoka kwa kazi nyingine, na mtu akiweka miji mahali pa viwanda, akaongeza muda, amekwisha kupata kielelezo tunachokitafuta. Yeyote aliyekaa barazani akautazama mchezo wa bao ataelewa upesi: kete zikianza kumwagwa kutoka shimo moja, mwisho wa mchezo huo hautegemei nguvu ya mkono unaozimwaga, bali wategemea kete zilizokwisha kupangwa katika mashimo mengine na kanuni ya kutoka shimo hadi shimo. Sasa nawaomba mnivumilie kwa hesabu ndogo, maana bila hesabu maneno haya yatabaki kuwa fasaha tu.

Tuchukue miji mitatu: Bandari, Kati na Bara. Bei ya mafuta katika Bandari imepanda ghafula kwa shilingi 100 kwa mwezi mmoja tu, kisha ikarejea. Mji wa Kati, kwa sababu hununua kutoka Bandari, hupokea baada ya mwezi mmoja sehemu 6 katika kila 10 za mabadiliko ya Bandari. Mji wa Bara hupokea baada ya mwezi mwingine nusu ya mabadiliko ya Kati. Na Bara, ambayo huipelekea Kati nafaka kwa malori yanayotumia mafuta yale yale, huirudishia Kati, baada ya mwezi mmoja tena, sehemu 2 katika kila 10 za mabadiliko yake yenyewe. Mwezi wa kwanza, Kati hupanda kwa shilingi 60. Mwezi wa pili, Bara hupanda kwa 30. Mwezi wa tatu, Kati, ambayo wafanyabiashara wake walikuwa wamekwisha kushukuru kuwa balaa limepita, huguswa tena kwa shilingi 6. Mwezi wa nne Bara huguswa kwa 3. Mwezi wa tano Kati huguswa kwa senti 60. Na mambo yakaendelea kupungua hivyo hata yasionekane. Ukijumlisha yote, Kati imebeba shilingi 66 na theluthi mbili, wala si 60, na Bara imebeba 33 na theluthi moja, wala si 30. Ziada hiyo haikutoka Bandari; ilitoka katika mzunguko wa Kati na Bara wenyewe.

Siri ya mzunguko huo ni zao la namba zake mbili: nusu ya kwenda, mara sehemu 2 za 10 za kurudi, ni sehemu 1 katika 10, na ndiyo maana kila mzunguko hubakiwa na sehemu ya kumi ya uliotangulia. Namba hiyo ingalikuwa 1 kamili, msukosuko usingalikoma kamwe, ungalipokezana baina ya miji miwili daima dumu. Na ingalizidi 1, ungalikua kwa kila mzunguko hata Bandari ikiwa imekwisha kusahau kilichotokea. Miji ikiwa mingi, mizunguko huwa mingi na hupitana, lakini jedwali lolote la namna hii, liwe na miji 3 au 300, huficha ndani yake namba moja kuu inayoamua kama fadhaa itazimika au itawaka, na mwanahisabati aweza kuitoa namba hiyo bila kungoja tukio lenyewe litokee. Nakiri kwamba hakuna sehemu ya ilmu hii inayonifurahisha kuliko hapa, kwa sababu serikali nyingi hutafuta sababu ya dhiki katika mji ilikoanzia, ilhali kukaa kwake na kuzidi kwake kumeandikwa katika mahusiano ya miji mingine ambayo haikufanya lolote.

Namba hizo, 6 katika 10 na 2 katika 10, nimezitunga kwa ajili ya mfano. Katika dunia ya kweli lazima zitolewe katika kumbukumbu za bei, za ajira au za shehena, na kazi hiyo ina mtego mmoja ambao umewanasa wengi. Bei ya mahindi ikipanda Dodoma na Singida katika mwezi mmoja, asikimbilie mtu kusema kwamba Dodoma imeiambukiza Singida au kinyume chake, kwani yamkini mvua imezinyima zote mbili, na mbili zinazolowa au kukauka pamoja si lazima ziwe zimeshikana mikono. Wanajiografia wa Uingereza, akina Peter Haggett na Andrew Cliff, walikabiliwa na jambo lilo hilo walipozichunguza hesabu za watu wasio na kazi katika miji ya kusini-magharibi ya nchi yao, ambayo mkubwa wake ni Bristol: miji ya pwani ipokeayo watalii hupoteza kazi kila majira ya baridi, na uchumi wa taifa zima ukilegea miji yote hulegea nao, basi kabla ya kuuliza mji upi hutangulia na upi hufuata, ni lazima kwanza yaondolewe yale ya majira na yale ya taifa, ndipo kilichobaki kiulizwe. Aliyeruka hatua hiyo amepima mvua akadhani amepima biashara.

Na kuna suala la muda, ambalo ni kubwa kuliko lionekanavyo, maana ucheleweshaji hauzaliwi na barabara peke yake. Mwezi wa Aprili 1872 tufani kali iliipiga Unguja ikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, na Pemba ikasalimika. Karafuu zikaadimika, bei ikapanda, na wenye mashamba wakapanda mikarafuu Pemba kwa wingi, hata kisiwa hicho, kilichokuwa cha pili, kikawa ndicho kinachotoa sehemu kubwa ya karafuu, na hivyo ndivyo kilivyo hadi leo. Habari ya tufani ilivuka mkondo wa bahari kwa jahazi katika muda mfupi. Bei ilivuka pamoja nayo. Lakini mazao hayakuweza kuvuka upesi, kwa sababu mkarafuu hauzai kabla ya miaka kadhaa, wala haujali mwenye deni ana haraka gani. Kwa hiyo tukio moja hutembea kwa miendo mitatu, mmoja wa habari, mmoja wa bei na mmoja wa mali yenyewe, na kielelezo kinachoipa miji kalenda moja kwa yote matatu kitasema uongo kwa lugha ya hisabati.

Mwendo wa habari ndio uliobadilika zaidi katika maisha ya walio hai. Katika Kerala, pwani ile ya Malabar iliyojua majahazi yetu tangu zamani, wavuvi wa dagaa wakubwa walikuwa na desturi ya kurudi kuuza kwenye ufuko wa kwao, na siku nyingine walitupa samaki kwa kukosa mnunuzi ilhali kwenye fuko za jirani wanunuzi walikuwa wakiondoka mikono mitupu. Simu za mkononi zikaingia sehemu kwa sehemu kati ya miaka 1997 na 2001, na mwanauchumi Robert Jensen, aliyekuwa akikusanya bei za fuko zile wiki baada ya wiki, alionyesha katika makala yake ya mwaka 2007 kwamba tofauti za bei baina ya masoko zilipungua sana, utupaji wa samaki ukakoma, faida ya wavuvi ikapanda kwa asilimia 8 na bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4. Jambo la kutazamwa hapo kwa makini, kwa mtu wa kazi yetu, ni kwamba baada ya simu mtu hawezi tena kuupima mfuatano wa masoko yale kwa takwimu za mwezi, kwa kuwa kutangulia na kufuata kumekwisha ndani ya saa moja. Atakayetumia daftari la mwezi ataona miji yote ikipanda pamoja, hakuna unaotangulia wala unaofuata, atahukumu kwamba haitegemeani, na hukumu yake itakuwa kinyume kabisa cha kweli.

Laiti ningalikuwa na wasaa, ningalisema zaidi juu ya daftari zenyewe, maana hapo ndipo nchi zetu zinapopata hasara isiyoonekana. Peter Gould, aliyechora mwaka 1970 ramani za kuenea kwa mambo ya kisasa katika Tanzania tangu mwaka 1920 hadi 1963, na Edward Soja aliyefanya kazi ya namna hiyo kwa Kenya mwaka 1968, walitegemea vitu vilivyoandikwa na serikali: hospitali, shule, posta, barabara. Ramani zao ni hodari, na miji yenye bandari na reli hung'aa ndani yake. Lakini mji wenye soko kubwa lisilo na karani huonekana katika kazi kama hiyo kuwa mahali pasipo na kitu, na katika jedwali letu pengo la taarifa huandikwa sifuri, na sifuri maana yake ni kwamba mji huo haugusi wala haugusiki. Wachuuzi wa minada na wenye malori wanajua kuwa sivyo. Karani mmoja katika kila mji wa soko, akiandika kila wiki bei ya mahindi, ya mchele, ya mafuta ya taa na ya dizeli, na nauli ya gunia hadi mji wa pili, na siku shehena ilipofika, kisha daftari hilo likawekwa wazi kwa kila anayetaka kulisoma, atakuwa amefanya kwa ilmu hii zaidi ya mitambo yote tunayoweza kununua.

Sasa nirudi kwenye mafuta, kwa sababu kuna jambo moja ambalo jedwali la sehemu za kumi haliwezi kulisema mpaka lirekebishwe, nalo ni akiba. Mji ulio na mafuta ya siku 20 katika matangi yake, njia ikifungwa kwa siku 10, hautikisiki hata kidogo. Ikifungwa kwa siku 30, utaishi siku 20 kana kwamba hapana neno, kisha utakauka siku 10. Hapo mabadiliko hayaji kwa nisba, bali kwa kizingiti: sifuri, sifuri, sifuri, kisha yote. Uganda ilikuwa na matangi ya akiba Jinja yenye nafasi ya lita milioni 30, lakini dhiki ya Januari 2008 ilipobisha hodi haikuwamo ndani yake akiba ya kuikabili. Hesabu ya akiba hiyo yafaa ifanywe kwa njia nzima, si kwa mji mmoja mmoja. Tuseme Kampala hutumia vipimo 3 kwa siku na Kigali kipimo 1, na barabara imezibwa Bonde la Ufa kwa siku 12: vyahitajika vipimo 48 juu ya kizuizi, yaani upande wa bara, na kwa kizuizi hicho ni mamoja vyote vikikaa Kampala au vikigawanywa 36 kwa 12, mradi wa Kampala wakubali kufungulia malori ya Kigali siku ambayo watu wao wenyewe wamepanga foleni. Kizuizi kikihamia kati ya Kampala na Kigali, akiba ya Kampala haimfai tena mtu wa Kigali. Na kikiwa juu ya Eldoret, mafuta yaliyojaa katika bohari za Eldoret, mwisho wa bomba litokalo Mombasa, hayamfai hata mmoja wao. Tangi la Kigali humkinga wa Kigali kwa kila kizuizi, wala halimkingi mwingine. Tangi la Kampala huwakinga wawili kwa vizuizi vya chini yake tu. Na kwa kuwa mlipaji wa tangi la Kampala ni Kampala peke yake, wala hakuna hati inayomlazimisha kuwahesabu walio nyuma yake, atalijenga kwa kipimo cha vipimo 36, naye kwa nafsi yake atakuwa amefanya hesabu iliyo sahihi. Vipimo 12 vinavyobaki ndivyo vya kukaa mezani baina ya nchi mbili na kugawana gharama yake kwa kadiri ya siku za kufungwa ambazo kila mmoja aziogopa, na namba za kugawia zinaweza kutolewa sasa, njia ikiwa wazi.